Lenzi yenye stebilaiza na isiyo nayo: ipi ununue, na lini uizime

Canon EF 75-300mm III na Canon EF-S 55-250mm IS STM huwa zinakaa rafu moja dukani, na mteja anayetaka lenzi ya kuvuta mbali mara nyingi hubeba ya kwanza kwa sababu 300 ni kubwa kuliko 250. Ya pili ina stebilaiza, yaani mtambo wa ndani unaotuliza picha pale mkono unapotikisika. Kwa anayepiga picha Kigoma, naona herufi hizo mbili, IS, zina uzito kuliko zile milimita 50 zilizoongezeka. Lakini zipo kazi ambazo stebilaiza haisaidii hata chembe, na zipo chache ambazo inaharibu. Nitazipima pande zote mbili kwa kazi tunazozijua huku: sokwe wa Gombe, boti za Kibirizi, ukumbi wa harusi, mpira, bodaboda, na taa za wavuvi wa dagaa.

Mtambo unafanya nini

Ndani ya lenzi yenye stebilaiza kuna kikundi cha vioo ambacho hakijakazwa. Kinaelea, kimeshikwa na sumaku. Vihisio vidogo vya jairo hupima lenzi imeinama kiasi gani na kuelekea wapi, kisha sumaku husukuma vioo hivyo ili taswira ibaki palepale juu ya sensa, yaani kipande kinachopokea picha ndani ya kamera. Canon ndio waliotangulia kuuweka mtambo huu kwenye lenzi ya kubadilisha ya kamera ya SLR (yenye kioo cha kugeuka), mwaka 1995, na lenzi yenyewe ilikuwa ya 75-300mm. Ile 75-300mm III inayouzwa leo kwa bei nafuu haina mtambo huo, hivyo mtu asidanganywe na ufanano wa namba. Nikon huuita VR, Sony OSS, Tamron VC, Sigma OS, Fujifilm OIS.

Kanuni ya zamani ya kushika kamera mkononi ni kwamba spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isishuke chini ya moja gawanya kwa milimita za lenzi. Ukiwa 200mm, usiende chini ya sekunde 1/200. Kamera nyingi tunazotumia zina sensa ndogo ya APS-C, ambayo hubana uoni mara 1.5 kwa Nikon na Sony na mara 1.6 kwa Canon, kwa hiyo hesabu ya kweli ni 1/300 au 1/320. Stebilaiza inayoahidi hatua tatu inakuruhusu kuipunguza spidi hiyo kwa nusu mara tatu: kutoka 1/320 kwenda 1/160, 1/80, mpaka 1/40. Ahadi za kiwandani hupimwa kwa masharti ya kiwandani. Aliyepanda mlima anahema, au ametoka kunywa kahawa chungu vikombe vitatu pale Ujiji, atoe hatua moja.

Sasa, mtambo huu hauna habari na kilicho mbele ya lenzi. Unajua mkono wako tu. Mtu aliyekaa anazungumza anahitaji 1/60 hadi 1/125 ili asitoke na ukungu. Anayetembea, 1/250 ni salama zaidi. Anayecheza ngoma, 1/250 na kwenda juu, na mchezaji wa mpira 1/800 au 1/1000. Ikiwa spidi anayoihitaji huyo unayempiga tayari ni kubwa kuliko ile ya kanuni ya mkono, stebilaiza haina kazi. Ikiwa ni ndogo, hapo ndipo inapolipa. Mengine yote yanatokana na hilo.

Msituni Gombe

Hifadhi ya Gombe ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kufika pale Julai 1960, na sokwe wake wamezoea watu kiasi kwamba mgeni hahitaji lenzi ndefu kama bomba. Shida ya Gombe ni mwanga. Mabonde yana miti iliyofunga juu, na hata saa sita mchana, chini ya majani, unaweza kujikuta kwenye f/5.6 (uwazi wa lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi), ISO 1600 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) na sekunde 1/60. Fleshi hairuhusiwi. Stendi ya miguu mitatu kwenye ile miteremko ni mzigo, na ukimaliza kuifungua miguu yake sokwe amekwishahama. Unasimama pale mwongozaji alipokuonyesha, kwa muda aliokupa.

Weka lenzi mbili pale kwenye 200mm, sokwe mama amekaa anamtoa mwanawe uchafu manyoyani. Mwenye 55-250mm IS anapiga kwa 1/60 na mkono wake unafunikwa: kutoka 1/320 hadi 1/60 ni hatua mbili na nusu hivi, ambazo mtambo wa lenzi ile unazimudu bila taabu. Mwenye 75-300mm isiyo na stebilaiza ana njia mbili. Abaki 1/60 na picha itikisike, au apande hadi 1/320 na kulipa kwa ISO, ambayo itatoka 1600 mpaka zaidi ya 8,000. Kwenye kamera mpya hilo linavumilika. Kwenye Canon 600D au 700D, ambazo bado zinafanya kazi mikononi mwa watu wengi, ISO kubwa namna hiyo inaleta chenga kiasi kwamba manyoya meusi ya sokwe yanageuka uji wa rangi. Hapa sina mashaka: yenye stebilaiza inashinda, na inashinda kwa mbali.

Ila sokwe huyohuyo akiinuka na kurukia tawi, wenye lenzi hizo mbili wako sawa. Wote wanahitaji 1/500 na wote hawana mwanga wa kutosha. Ushauri wangu ni kumsubiri atue. Wanyama hawa wana vipindi virefu vya kukaa, kula na kusafishana, na picha nyingi nzuri za Gombe ni za hapo.

Namna ya kuitumia pia ina maana. Ukibonyeza kitufe cha shata nusu, mtambo unaamka. Upe kama nusu sekunde hadi sekunde moja kabla ya kubonyeza chini. Utaona picha kwenye kitazamio imetulia ghafla, kama vile mtu kaishika lenzi kwa mbele. Ukibonyeza moja kwa moja kwa pupa, fremu ya kwanza inaweza kutoka mbaya kuliko ambayo ingepigwa bila stebilaiza. Piga fremu tatu au nne mfululizo. Ile ya kwanza hubeba mtikisiko wa kidole, na ya pili au ya tatu ndiyo hutoka safi.

Kwenye boti

Safari ya kwenda Gombe huanzia Kibirizi, na watu hutoa kamera mara tu boti inapoacha ufukwe. Hali ya ziwani ni kinyume kabisa cha ya msituni. Mwanga ni wa kumwaga, kwa hiyo hata kwa f/8 unapata 1/1000 bila jasho, na spidi hiyo inaua mtikisiko wa mkono yenyewe. Hivyo kwa ukali wa picha, mwenye stebilaiza na asiye nayo wanakaribiana sana.

Bado naiacha ikiwa imewashwa, kwa sababu nyingine: kitazamio. Boti ikiyumba, kumweka mvuvi wa mtumbwi wa pili ndani ya fremu kwa 250mm ni kazi, na lenzi inayotulia inakurahisishia kupanga picha na kufokasi juu ya mtu badala ya maji. Lenzi kadhaa za Nikon zina swichi ya VR yenye nafasi ya Normal na ya Active. Active ndiyo ya hapa, imetengenezwa kwa ajili ya anayepiga akiwa juu ya chombo kinachotikisika. Ukirudi nchi kavu, irudishe Normal.

Mwili wako usiegemee ubao wa boti wala nguzo ya turubai. Injini hutetemesha chombo chote, na mtetemo ule ni wa haraka na mdogo, tofauti na wa mkono. Stebilaiza nyingi hubabaika nao. Piga magoti kidogo, viwiko vigande mbavuni, acha miguu ichukue mtetemo. Stendi juu ya sitaha ni vivyo hivyo: inaubeba mtetemo wa injini moja kwa moja hadi kwenye kamera. Kwenye meli inayotembea, mkono wenye stebilaiza unashinda stendi ya bei yoyote.

Ukumbi wa harusi

Hapa ndipo wengi tunapopata riziki, na hapa ndipo nadhani pesa nyingi zinapotea kwa kununua lenzi isiyofaa.

Chukua lenzi inayokuja na kamera, 18-55mm IS yenye f/3.5-5.6, na lenzi ya 50mm f/1.8 isiyo na stebilaiza. Zote ni za bei ya chini. Ukiivuta 18-55mm mpaka mwisho, uwazi wake unabanwa hadi f/5.6. Kutoka f/1.8 hadi f/5.6 ni hatua tatu na robo hivi. Maana yake ukumbini, kwa ISO ileile, pale ambapo 50mm inakupa 1/125, 18-55mm inakupa 1/13.

Stebilaiza ya 18-55mm inaweza kweli kuishika 1/13. Ukuta utatoka safi, maua ya jukwaani yatatoka safi, keki itatoka safi. Lakini bibi harusi anaingia anacheza, mashangazi nyuma yake wanarusha vitenge, MC anaruka, na kwa 1/13 wote hao ni moshi wenye nguo. Mama mkwe akikuuliza, "Mwanangu, hapa mbona sura yangu imefutika?" huwezi kumjibu kwamba lenzi ilikuwa na IS.

Kwa watu ndani ya ukumbi nachagua uwazi mkubwa kabla ya stebilaiza, kila mara. Ukipata zote mbili kwenye lenzi moja, heri, lakini ukiwa na fedha ya moja, nunua 50mm f/1.8 au 35mm f/1.8 kulingana na kamera yako. Ile 18-55mm ipe kazi ya ukumbi mtupu kabla wageni hawajaingia: meza zilizopambwa, viti vilivyovishwa, zawadi. Vitu hivyo havichezi, na unaweza kushuka mpaka 1/10 kwa 18mm ukarudi na picha ya kumridhisha mpambaji.

Fleshi ikiwa ndiyo mwanga mkuu, mjadala huu unapungua makali, kwani mwako wa fleshi ni mfupi kuliko spidi ya shata na wenyewe ndio unaogandisha mtu. Ila ukichanganya fleshi na taa za ukumbi kwa shata ya polepole, kama 1/30, ili rangi za taa zionekane, stebilaiza inarudi kazini kutuliza ile sehemu ya nyuma.

Kanisani ibada ikiendelea, pasipo fleshi, ni kama Gombe kwa upande mmoja na kama ukumbi kwa upande mwingine. Maharusi waliopiga magoti hawasogei, mchungaji anayehubiri kwa mikono anasogea. Angalia nani yuko mbele ya lenzi.

Video ni habari nyingine

Kwenye picha mnato unaweza kuikimbia shida ya mkono kwa kupandisha spidi ya shata. Kwenye video huwezi. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata hukaa 1/50 ili mwendo uonekane wa kawaida, na kupandisha spidi hakutulizi kutikisika kwa fremu yenyewe; kunafanya tu kila fremu iwe kali huku picha nzima ikirukaruka. Kwa hiyo anayeishi kwa video, mahojiano ya vijijini, kwaya, taarifa za miradi, aigeuze hesabu yangu ya ukumbini. Stebilaiza kwanza, uwazi baadaye. Lenzi ya 50mm f/1.8 isiyotulizwa, mkononi, kwenye mahojiano ya dakika tano, humchosha mtazamaji kabla mzee hajafika kwenye pointi.

Kasoro zake zipo. Lenzi nyingine zina stebilaiza inayonguruma polepole, na maikrofoni iliyo juu ya kamera huisikia. Tumia maikrofoni ya kubana shatini. Ukigeuza kamera taratibu kufuata mtu, mtambo hudhani unatikisika, hushikilia picha, halafu huiachia ghafla, na mwendo unatoka wa kukwamakwama. Na ukitembea huku unarekodi, mwili unapanda na kushuka, jambo ambalo lenzi pekee hailiwezi, maana inasahihisha mwinamo zaidi kuliko kupanda na kushuka. Hapo ni gimbo, kile kishikio cha mota kinachoishika kamera itulie.

Stebilaiza ya kielektroniki iliyo ndani ya simu na baadhi ya kamera hufanya kazi kwa kukata kingo za picha na kusogeza kilichobaki. Inatuliza video ya mchana vizuri. Usiku haiponyi kitu, kwa sababu ukungu umekwisha kuingia ndani ya kila fremu kabla programu haijaigusa.

Mpira na bodaboda

Uwanja wa Lake Tanganyika, Mashujaa wanacheza saa kumi jioni, jua lipo: weka 1/1000 na usahau swichi ya IS. Iwashe au izime, ni juu yako. Wapo wanaoizima kwenye spidi kubwa kwa hoja kwamba kioo kinachosogea bila sababu kinaweza kupunguza ukali kidogo, nami naona hoja hiyo ina mantiki ukishatumia stendi ya mguu mmoja.

Bodaboda inayokata Barabara ya Lumumba ukitaka itoke kali huku maduka ya nyuma yamechuruzika, ni suala la kumfuata dereva kwa kamera ukiwa 1/30 au 1/40. Stebilaiza ya kawaida itapigana na wewe, kwani itajaribu kuuzuia mwendo uleule unaoutaka. Lenzi za Canon zenye swichi ya 1 na 2, weka 2: itatuliza juu na chini tu na kuacha upande wa kulia na kushoto huru. VR ya Nikon kwenye Normal hutambua yenyewe kwamba unafuata kitu. Kama lenzi yako haina uchaguzi huo wala haijitambui, zima.

Stendi, jioni, na taa za wavuvi

Jua la Kigoma huzama nyuma ya milima ya Kongo kwenye saa moja jioni, na giza huingia haraka. Siku zisizo na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa huanza kuwaka ziwani moja baada ya nyingine, na ukiwa kwenye vilima vya upande wa Bangwe unaona mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Mwenye stendi aiweke kamera, ISO 100 au 200, f/8, sekunde kumi au zaidi, na azime stebilaiza. Hili ndilo onyo linalojulikana sana na lina sababu. Kamera ikiwa imetulia kabisa, vihisio havina cha kupima, na mtambo wa zamani unaweza kuanza kuusikia mtetemo wake wenyewe, kuusahihisha, kuusikia tena, na kuendelea hivyo mpaka picha inapotoka na ukungu ambao upepo haukuuleta. Lenzi nyingi mpya hutambua zimewekwa juu ya stendi na kujizima au kujipunguza. Sioni sababu ya kuiamini lenzi kwa jambo linalomalizwa na swichi moja. Kuna lenzi zisizo na swichi, kama Nikon AF-P DX 70-300mm VR, ambazo huzimwa kupitia menyu ya kamera tu. Na kwenye baadhi ya bodi (kamera bila lenzi) za zamani, ambazo menyu zake haziijui lenzi hiyo, hazizimiki kabisa. Bodi nyingine za zamani zaidi, kama D90 na D7000, hazitumiki na lenzi za AF-P hata kidogo. Uliza kabla ya kulipa.

Kwenye stendi, basi, izime, isipokuwa pale ambapo kichwa cha stendi kimelegezwa ili ufuate ndege au mashua, au upepo wa ziwa unaitikisa stendi nyepesi ya bei rahisi. Hapo acha imewaka.

Na asiye na stendi? Kwa 18mm au 24mm, stebilaiza nzuri, umeegemea ukuta, unaweza kushuka hadi 1/4 kwa ISO 3200 na kupata taa zile zikiwa nukta na milima ikiwa kivuli. Isiyo na stebilaiza itakupa mistari. Vivyo hivyo kwa jengo la stesheni ya reli, lililosimama tangu enzi za Wajerumani, reli ilipofika mjini mwaka 1914, likipigwa taa zinapoanza kuwaka. Mawe hayasogei, mkono ndio unaosogea. (Omba ruhusa kwanza. Reli na bandari zina walinzi, na mlinzi hapendi kuona lenzi ndefu.) Ndani ya makumbusho ya Ujiji, panapokumbukwa Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, sanamu zao hazipepesi macho. Stebilaiza inatosha.

Kwenye lenzi au kwenye bodi?

Siku hizi kuna kamera ambazo sensa yenyewe ndiyo inayosogea. Minolta walianza nayo kwenye DiMAGE A1 mwaka 2003, teknolojia ikahamia Sony, na sasa karibu kila kampuni inayo. Faida yake ni kwamba kila lenzi unayoivisha, hata 50mm ya zamani isiyo na kitu, inatulizwa. Pia husahihisha kuzunguka kwa kamera kama usukani, jambo ambalo mtambo wa lenzi hauwezi.

Udhaifu wake ni lenzi ndefu. Mkono ukiinama nusu digrii tu, taswira ya 24mm inahama kama milimita 0.2 juu ya sensa. Kwa 400mm inahama karibu milimita 3.5, na sensa haina nafasi ya kukimbia umbali wote huo ndani ya bodi. Kioo kilicho ndani ya lenzi husogea kidogo na kuleta athari kubwa. Ndiyo maana hata kampuni zenye sensa inayotulia bado zinaweka stebilaiza kwenye lenzi zao ndefu, na kamera za karibuni huzitumia zote mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua lenzi, ijue bodi yako. Canon R50, R10, R100 na RP hazina. R6 na R7 zinazo. Sony A6000 mpaka A6400 hazina, ila A6500, A6600 na A6700 zinazo. A7 ya kwanza haina, A7 II inayo. Nikon Z30, Z50 na Z fc hazina; Z5 na Z6 zinazo. Kamera za Canon na Nikon zenye kioo cha kugeuka hazina hata moja. Mwenye bodi isiyo nayo ndiye wa kuzitafuta herufi za lenzini. Mwenye Z5 akinunua 50mm f/1.8 isiyo na VR, hajapoteza kitu.

Kwa mwenye mfuko mnene kidogo

Swali ninaloulizwa sana ni hili: 70-200mm f/2.8 ya mtumba isiyo na stebilaiza, au 70-200mm f/4 yenye stebilaiza? Za Canon EF zinafaa kwa mfano. f/2.8L ya zamani ina gramu 1,310, f/4L IS ina 760. Uwazi unatofautiana kwa hatua moja tu. Hatua hiyo moja inamgeuza mcheza ngoma kutoka 1/125 kwenda 1/250, na hilo si dogo. Pia inalainisha mandhari ya nyuma. Stebilaiza inakupa hatua tatu au nne, ila kwa vitu vilivyotulia tu.

Anayeishi kwa harusi, kwaya na michezo achukue f/2.8 na kuvumilia uzito. Anayepeleka wageni Gombe na Mahale, anayepiga mandhari, anayerekodi mahojiano, achukue f/4 IS na shingo yake itamshukuru. Mwenye kazi zote mbili nampa f/4 IS pamoja na 85mm f/1.8 kwa ajili ya ukumbi, badala ya f/2.8 moja inayobeba kila kitu.

Na wale wa 75-300mm na 55-250mm tulioanza nao? 55-250mm IS STM ina gramu 375 dhidi ya 480, inafokasi kimyakimya, na pengo la 250 hadi 300 unaliziba kwa kukata picha kidogo kwenye kompyuta. Kizuizi ni kimoja: EF-S haiingii kwenye Canon zenye sensa kubwa kama 6D na 5D. Mwenye hizo aangalie 70-300mm IS.

Kuijaribu ya mtumba

Stebilaiza ni kitu kinachosogea, na kinachosogea huchakaa au kupata dhoruba barabarani. Muuzaji akikupa lenzi, ivishe kwenye kamera, swichi iwe imewashwa, ivute mpaka mwisho, bonyeza shata nusu na uweke sikio karibu. Mlio mwembamba wa kuamka ni wa kawaida. Kugongagonga au kunguruma kusikokoma si kwa kawaida. Tazama kwenye kitazamio: picha ikiruka upande mmoja na kubaki pale, au ikatetemeka zaidi kuliko swichi ilipokuwa imezimwa, mtambo umekufa. Kisha piga kitu kilichosimama, bango lenye maandishi upande wa pili wa barabara linafaa, kwa 1/30 fremu kumi ikiwa imewashwa na kumi ikiwa imezimwa, uzikuze kwenye skrini. Usipoona tofauti yoyote, mlipe bei ya lenzi isiyo na stebilaiza, au umrudishie.

Ukishainunua, zoea kuachia shata na kungoja mtambo unyamaze kabla ya kuizima kamera au kuichomoa lenzi. Ukiichomoa ingali inafanya kazi, kile kikundi cha vioo kinaweza kubaki hakijafungwa, na njia ya kutoka Mwanga hadi Kibirizi kwenye bodaboda itakigongagonga njia nzima.